Tundu la Nne

Saa tatu na robo asubuhi Inspekta alipanda ngazi za maktaba ya picha ya chuo cha udaktari, mkononi ana bahasha ya kaki, moyoni ana hofu asiyoipenda. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi alikuwa ameogopa mara chache, na kila mara ilikuwa ni kwa sababu ya mtu mwenye panga au bunduki. Mtu aliyemwogopa safari hii alikuwa ametuma picha tu.

Picha yenyewe ilikuwa eksirei ya mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Kwenye mfupa mmoja kulikuwa na bamba la chuma lenye matundu sita, na matundu matano yalikuwa na skrubu. Tundu la nne lilikuwa tupu. Siku tatu nyuma, picha hiyo iliingia kwenye simu ya mama mmoja anayeishi mji wa mbali, kutoka namba isiyo na jina, na chini yake pameandikwa: *Mwambie mdogo wako nimeuona mkono wake. Umeunga vizuri.*

Mdogo mtu alikuwa mshonaji. Miaka miwili iliyopita alimtoroka mumewe, akahamia mji huu, akabadili jina, akanyoa nywele, akawa anashona sare za shule kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Dada yake peke yake ndiye aliyejua alikokimbilia. Dada alipompigia kumsomea ujumbe ule, mshonaji aliacha cherehani ikiwa na kitambaa mdomoni, akaja kituoni na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alikubali kusema kwamba mumewe anamtafuta. Mkono ulivunjikaje hakukubali kusema. "Pikipiki," alijibu mara tatu, akitazama sakafu, na karatasi ya maelezo alikataa hata kuigusa. Alikuwa na swali moja tu: je, anajua nilipo?

Hilo ndilo lililompandisha Inspekta ngazi zile. Aliyetuma picha hakuwa fumbo. Fumbo lilikuwa ni kiasi gani amekwisha kujua, maana kati ya mtu anayejua mji na mtu anayejua mlango kuna siku kadhaa, na siku hizo ndizo Inspekta alizokuwa nazo za kufanyia kazi. Inspekta alikuwa amempa mshonaji mambo mawili ya kufanya: azime simu, isije ikawa ndiyo inayofuatwa, na mchana asikae peke yake. Kama ana miadi hospitali, aende. Penye wengi pana Mungu, alimwambia, na wakati ule alidhani amesema la maana.

Mtunza picha alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Walimu wa chuo walimwita Bwana Ruhusa, kwa sababu hata picha ya ukucha haikutoka kwake bila karatasi yenye saini. Kabla Inspekta hajaketi sawasawa alishasimuliwa jinsi mzee alivyowahi kuingia katikati ya mhadhara akamwamuru profesa azime picha ya uvimbe wa shingoni aliyoiokota mtandaoni.

"Kuiona si kupewa," alisema. "Ile ni shingo ya mtu. Ana watoto, ana majirani. Nani alimuuliza?"

"Na huyu je, aliulizwa?" Inspekta aliweka picha ya mkono mezani.

Mzee hakuhitaji kuitazama mara mbili. Alivuta droo, akatoa jalada, akalifungua kwa fahari ya mama anayeonyesha cheti cha mwanawe. Fomu ya ridhaa ilikuwa na visanduku vitatu: picha kuonyeshwa darasani hapa chuoni, picha kuchapishwa kitabuni, picha kuwekwa kwenye maktaba ya mtandaoni inayotumiwa na walimu wa vyuo vingine. Cha kwanza kilitiwa alama, na cha tatu pia. Inspekta aliisogeza fomu dirishani. Alama ya kwanza ilikuwa ya wino wa bluu. Ya tatu ilikuwa nyeusi.

"Kalamu mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Mtu mmoja, fomu moja, kalamu mbili. Cha tatu nani alikitia alama?"

Mzee alivua miwani. Inspekta alishaona watu wengi wakivua miwani kabla ya kudanganya, akasubiri. Lakini mzee alifungua tu ukurasa uliofuata. Alama ya kwanza ilitiwa kwa daktari, siku mgonjwa alipokuja akilalamika mkono unamuuma wakati wa baridi. Wiki mbili baadaye yeye mwenyewe alimwita mgonjwa hapa, akamweleza maktaba ni nini, akampa kalamu yake. Na ndiyo hii, nyeusi. Pembeni ya alama palikuwa na tarehe na saini nyingine. Inspekta alitoa daftari la kituo alimosaini mshonaji juzi, akalilinganisha. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umejikunja vilevile. Kidole alichokuwa tayari kumnyooshea mtu kilirudi mfukoni.

"Hakuogopa?"

"Alicheka," mzee akasema. "Akaniuliza, nani anamjua mtu kwa mfupa?"

Inspekta alimwomba amwonyeshe picha kama ilivyo kwenye maktaba, na mzee akamgeuzia kompyuta. Jina halikuwepo, wala namba ya hospitali, wala tarehe. Vyote vilikwanguliwa kwenye picha yenyewe. Walimu wavivu, alieleza mzee, huweka kiraka cheusi juu ya jina wakadhani wamelificha, na mwanafunzi yeyote hukibandua kiraka akasoma. Yeye hakuwa wa viraka. Chini ya picha palikuwa na maelezo mafupi: *Mkono wa kushoto. Chanzo: ajali ya pikipiki. Upasuaji ulifanyika kwingine. Tundu la nne limeachwa wazi; sababu haijulikani.* Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la hospitali.

"Hili mbona limebaki?"

"Hilo ni sharti. Anayeitumia picha lazima ataje ilikotoka. Ndiyo sheria ya kuazimana."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: *Mji anaujua. Hospitali anaijua.* Bado haikuwa mlango. Hospitali ile ilipokea watu mia nne kwa siku, na mwanamume yule hakuwa na jina jipya la mkewe. Aliomba orodha ya waliochukua picha. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na chuo chake na sababu yake. Wa saba alikuwa mkufunzi wa chuo cha uuguzi katika ule mji wa mbali, na alikuwa ameichukua wiki tano zilizopita. Dada mtu alishasema shemeji yake anafundisha wauguzi.

"Huyu umewahi kuzungumza naye?"

Uso wa mzee ulichangamka. "Huyu? Laiti wote wangekuwa kama huyu. Aliandika barua, yenye nembo na mhuri, kuomba ruhusa ya kitu ambacho tayari ameruhusiwa."

Barua zilikuwa mbili. Katika ya kwanza mkufunzi alishukuru, akaomba kuitumia picha darasani, kisha kwa adabu nyingi akasema maelezo huenda yana kosa: kwa uzoefu wake mvunjiko wa namna ile si wa pikipiki, ni wa kuanguka ngazini. Ya pili ilikuwa fupi. Alitaka kujua kama mgonjwa huyu atapigwa picha nyingine, ili wanafunzi wake waone mfupa unavyoendelea.

"Ukamjibu?"

Mzee alikuwa ameanza kupunguza mwendo wa mikono. Alitafuta nakala ya jibu lake mahali ambapo haikuwepo, kisha mahali ilipokuwepo.

"Soma, mzee wangu."

Alisoma polepole. Picha ya marudio itapigwa Alhamisi, saa nne kamili asubuhi. Kwa kuwa wewe ni mwalimu mwenzetu mwenye nia njema, karibu uje ushuhudie. Nakuambatishia barua ya utambulisho kwa mpiga eksirei.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na nane. Ilikuwa Alhamisi. Na ni Inspekta mwenyewe aliyemwambia mwanamke yule azime simu, na ni yeye aliyemwambia aende penye watu.

"Sikutaja jina," mzee alisema. "Hata mara moja sikutaja jina. Mimi ninaowaogopa ni wale wasioomba."

Inspekta alishafika mlangoni. Alipiga simu kituoni akishuka ngazi mbilimbili: askari wawili, idara ya eksirei, mara moja. Wakamjibu robo saa, foleni barabarani. Alijaribu namba ya mshonaji na kuambiwa haipatikani, jambo alilolijua. Nyuma yake viatu vya mzee vilikuwa vikigonga sakafu. Walivuka uwanja kati ya chuo na hospitali, yeye roho mkononi na mzee miwani mkononi.

Korido ya eksirei ilikuwa na mabenchi manne, yote yamejaa. Inspekta alisimama mwanzoni akavuta pumzi, na hapo ndipo alipogundua kitu kilichomtisha zaidi: uso wa mtu anayemtafuta haujui. Mshonaji alikimbia bila picha hata moja, na dada mtu alizichana zake zote. Walikuwa na mfupa wa mke, lakini sura ya mume hawakuwa nayo. Alipoulizwa anafananaje, dada alisema ni mtu wa kawaida tu, anaongea taratibu.

Basi akaanza kuwapepeta. Kila mgonjwa alishika cheti cha daktari. Mwanamume mmoja tu, kwenye benchi la mwisho, hakuwa na karatasi, na macho yake hayakubanduka kwenye mlango wa wanawake. Inspekta alimwendea kwa nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akaona kilichokuwa mapajani pake: mkoba mwekundu wa kike, fimbo ya kutembelea, na kandambili ndogo. Mlango ukafunguka, bibi kizee akatoka, mwanamume akainuka kumpokea. "Mama, wamekuumiza?" akauliza.

Kwenye benchi la kwanza palikuwa na nafasi wazi, na juu yake tepu ya kupimia, ya fundi cherehani. Mshonaji alikuwa ameshaitwa ndani.

Mpiga eksirei alitokeza kichwa. Hospitali nzima ilimwita Usipumue, kwa neno lile alilolisema mara mia kwa siku. Alimjua Inspekta kwa kesi za zamani, na alimwona mzee akihema nyuma yake, akakunja uso. "Leo kuna nini, mbona wageni wengi hivi? Mgonjwa wa saa nne yuko kichumbani anavaa gauni. Na yule mwalimu wako, Bwana Ruhusa, nimempa kiti nyuma ya kioo. Mtu mstaarabu sana."

Inspekta alimshika mkono, akamnong'oneza sentensi mbili. Usipumue, kwa sauti yake ile ya kila siku, akaita kupitia mlangoni, "Mama, usitoke kwanza. Mashine haijawa tayari."

Chumba cha mitambo kilikuwa chembamba, na kioo chake kilitazama meza ya kupigia picha. Upande wa pili wa meza kulikuwa na pazia la kijani, na chini ya pazia vilionekana vidole vya miguu ya mtu. Mgeni alikuwa ameketi wima, shati limepigwa pasi, jalada magotini, aproni nzito ya kujikinga na mionzi imefungwa vizuri kifuani. Kati yake na pazia palikuwa na mlango mmoja usio na kufuli. Inspekta alikuwa amevaa kiraia na hakuwa na silaha, kwa sababu alitoka kwenda kusoma karatasi. Alihesabu: dakika kumi bado kabla askari hawajafika. Akimtoa nje, mtu huyu atasubiri getini, tena kwa haki yake, maana hakuna sheria aliyovunja. Alichokihitaji ni maneno. Na mwalimu, alifikiri, haachi swali likalala.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akijifanya mnyonge. "Nimeambiwa unafundisha. Mimi ndiyo kwanza najifunza, tena uzeeni, wenzangu wananicheka."

"Marahaba. Elimu haina mwisho," mgeni akasema taratibu.

Inspekta alitoa picha, akaiweka juu ya jalada lake. "Hapa ndipo panaponishinda. Tundu la nne. Walisahau skrubu?"

Mgeni alitabasamu. Alichomoa kalamu mfukoni, akaigusisha kwenye tundu bila kuandika.

"Hawakusahau. Mfupa hapa ulikuwa umesagika. Daktari aliitia skrubu mara mbili, ikazunguka tu, haikushika. Akaitoa. Akasema akilazimisha atapasua na kipande kizima."

"Aliitia mara mbili."

"Mara mbili."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Sisi tumeandika sababu haijulikani."

"Mwenye uzoefu huiona," mgeni akasema.

"Huona tundu," Inspekta akasema. "Kwamba alijaribu mara mbili, mfupa unalionyesha wapi?"

Kalamu ilibaki juu ya picha. Mgeni aliitazama, kisha akamtazama Inspekta kuanzia viatu mpaka usoni, bila haraka, akarudisha kalamu mfukoni.

"Wewe si mwanafunzi."

"Mimi ni Inspekta wa polisi."

"Sawa. Nimevunja sheria gani, Inspekta? Picha niliomba. Nilipewa. Kuja hapa nimealikwa." Alifungua jalada, akamwonyesha barua ya utambulisho yenye saini ya mzee. "Mume akijua habari za matibabu ya mkewe ni kosa?"

Haikuwa kosa. Inspekta alilijua hilo na mwanamume alijua kwamba analijua. Akainuka, akajifungua aproni, akaitundika kwenye msumari wake kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akapaza sauti kidogo tu, akielekea pazia.

"Mama, vaa nguo zako twende nyumbani. Unawapotezea watu muda."

Vidole vya miguu chini ya pazia vilijikunja. Mwanamume alipiga hatua kwenda kwenye ule mlango usio na kufuli. Inspekta aliingia mbele yake, na Usipumue, ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kugombana na mbuzi, akaja akasimama begani mwa Inspekta, jasho likimvuja usoni. Hakuna aliyesogea. Mashine ilikuwa ikinguruma peke yake. Inspekta aliogopa, aliogopa wazi, na alijua mwanamume anaiona hofu hiyo na kuipima.

Ndipo pazia lilipozungumza.

"Daktari aliyasema hayo ya skrubu ameinua picha dirishani." Sauti ilikatika, ikaanza upya. "Chumbani tulikuwa watatu. Mimi, daktari, na huyo aliyenivunja."

"Mke wangu—"

"Alinivunja kwa mchi. Jikoni. Kwetu hakuna ngazi, Inspekta, nyumba yote iko chini. Habari ya ngazi aliileta yeye hospitalini, akamwambia daktari, na mimi nikaitikia. Andika. Leo nitatia saini."

Mwanamume aliangalia mlango wa koridoni, na huko buti za askari zilikuwa tayari zinasikika, dakika nne kabla ya wakati walioahidi. Inspekta alimwambia anazuiliwa kwa kosa la kumjeruhi mkewe na kumtishia. Alimwambia polepole, kila neno mahali pake.

Walipomtoa, mshonaji hakufungua pazia mpaka mlango wa mwisho wa korido uliposikika ukifungwa. Aliketi kwenye ukingo wa meza, ndani ya gauni la hospitali lililomzidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishtuka kila gurudumu la kitanda lilipopita nje. Hata hivyo alisema yote, na Inspekta aliandika kurasa sita.

Mzee alisubiri wamalize. Alikuwa amerudi chuoni akaja na fomu nyingine, ya kuondoa ridhaa, ameshaijaza yote isipokuwa saini. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Tia saini hapa, naitoa leo hii."

"Na wale waliokwisha kuichukua?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kumi na mmoja. Iliyotoka imetoka. Siwezi kuirudisha."

Mshonaji alimrudishia fomu ile, akaomba ya zamani, yenye wino wa rangi mbili, na karatasi ya maelezo iliyobanwa nyuma yake. Usipumue alimpa kalamu. Aliikandamiza karatasi kwa mkono wa kushoto, wenye chuma. Alikata maneno *ajali ya pikipiki* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, herufi kubwa, zimepinda.

"Watumie wote kumi na mmoja marekebisho," alisema. "Mwingine akija kwao na mkono kama huu, akawaambia ni pikipiki, wajue cha kumuuliza."

Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kusoma kila karatasi kabla ya kuipokea.

"Chanzo," alisoma, "ni mume."